Jumapili Moja ya Mapumziko Mjini Ahmedabad



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na akina dada, pamoja na watoto mnaosomewa waraka huu baada ya chakula cha Ijumaa, tunawaandikia kutoka mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Tumo humu tangu mwezi wa Septemba, sisi wawili, mtu na wifi yake, tuliojitolea kufundisha katika shule ndogo iliyo pembezoni mwa mji. Asubuhi tunawafundisha Kiingereza na hesabu watoto wa vibarua wa ujenzi. Mchana tunawafundisha cherehani mabinti ishirini na sita, ambao wengi wao waliacha masomo wakiwa bado wadogo. Ahadi yetu ni kukaa hadi mwisho wa mwezi wa Machi, inshallah.

Wengi wenu mmetuuliza kazi inakwendaje. Kazi inakwenda, alhamdulillahi. Lakini leo tumependa kuwaandikia habari za siku ambayo hatufanyi kazi, kwa sababu katika siku hiyo ndimo tulimojifunza jambo ambalo kazi ilikuwa imetuficha.

Siku yetu ya mapumziko ni Jumapili. Miezi miwili ya mwanzo hatukuipa haki yake. Tulikaa chumbani tukikata vitambaa vya wiki inayofuata, tukijiambia kwamba aliyejitolea hana haki ya kulala mchana. Kisha homa ikatuangusha, mmoja baada ya mwingine, na mabinti wakakaa siku nne bila mwalimu. Hapo tukakumbuka kisa cha Salman na Abu Darda, radhi za Allah ziwe juu yao, ambacho sote tulifundishwa chuoni tungali wadogo: jinsi Salman alivyomkuta ndugu yake amejitupa katika ibada usiku na mchana, akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamsadikisha. Tangu hapo Jumapili tunatoka.

Lakini iko haki ya tatu katika kisa hicho, nayo ndiyo iliyokuwa ikituuma. Mmoja wetu amemwacha Mombasa mtoto wa kiume wa miaka sita kwa bibi yake. Ni yupi kati yetu, haidhuru. Katika chumba chenye vitanda viwili, la mmoja ni la wote. Kila Jumapili saa mbili usiku, ambayo kwenu ni saa kumi na moja na nusu jioni, tunapiga simu nyumbani. Mwanzo kijana alikuwa akiinyakua simu kabla haijalia mara ya pili. Jumapili mbili zilizotangulia hii tunayoisimulia, alikataa kuishika. Ya pili tulimsikia kwa masikio yetu akimwambia bibi yake, “Mwambie nimelala.”

Basi Jumapili hiyo, ya mwisho wa Desemba, tuliamka kwa swala ya alfajiri, tukarudi kulala, jambo ambalo wiki nzima hatulipati. Wanaodhani India ni joto tupu wangeshangaa: asubuhi za Desemba hapa zina baridi ya kumfanya mtu wa pwani atafute shali. Tulifua nguo, tukapakana mafuta ya nywele, tukasukana, kisha tukatoka kutafuta chakula cha asubuhi.

Jumapili watu wa mji huu hupenda kula fafda na jalebi. Fafda ni vipande vyembamba vya unga wa dengu, vilivyokaangwa vikawa vikavu, na huliwa pamoja na papai bichi lililokwaruzwa na pilipili za kukaanga. Jalebi hamhitaji kuelezwa. Tulikula tukiwa tumesimama kandokando ya barabara, katikati ya familia zilizokuja na watoto wao, na chai ya maziwa yenye tangawizi ikatufikia katika vikombe vidogo kuliko hata vya kahawa ya kwetu. Watu wa hapa wengi hawali nyama, na pombe imepigwa marufuku karibu katika jimbo zima, kwa hivyo mwanamke Mwislamu hapati taabu kubwa ya kujiuliza nini kimo ndani ya chungu.

Tukapanda basi jekundu hadi Lal Darwaza, katika mji wa kale. Ahmedabad uliasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka wa 1411, na mwaka wa 2017 mji wake wa kale ukawa mji wa kwanza wa India kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mitaa yake ya ndani, iitwayo pol, ingewakumbusha Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa: njia nyembamba, milango ya mbao iliyochongwa, na majirani wanaozungumza kutoka dirisha hadi dirisha. Katika viwanja vidogo vya mitaa hiyo vimesimama vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, vya kuwekea ndege nafaka.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Msikiti wa Sidi Saiyyed. Tulikuwa tumeuacha makusudi kwa siku ya utulivu, kwa maana hauna haraka ndani yake. Ni msikiti mdogo, ulioshikwa pande zote na magari na pikipiki. Tulikaa nje, tukautazama ukuta wake wa nyuma, ambao madirisha yake ya nusu duara yamejazwa jiwe lililotobolewa kwa patasi hadi likawa kama kitambaa. Dirisha mashuhuri kuliko yote lina mti ambao matawi yake yanapindana na kusukana, yanapita juu na chini ya mengine, na kati yake mwanga unapenya. Wale miongoni mwenu waliowahi kushona kofia za viua wataelewa kwa haraka kuliko mafundi wa mawe: ni ile kazi ya kutoboa tundu na kulizungushia uzi, tundu baada ya tundu, mpaka tundu ndizo zinazofanya pambo.

Aliyeujenga, Sidi Saiyyed, alikuwa mtu wa asili ya Uhabeshi. “Sidi” ndilo jina waitwalo hapa watu wenye asili ya Afrika, ambao babu zao walifika Gujarat kwa njia nyingi, wengine wakiwa mabaharia na askari, na wengi wakiwa wameuzwa utumwani. Wako hadi leo, na ngoma yao wanaiita goma. Msikiti ulijengwa mwaka wa 1572 hadi 1573, wakati majeshi ya Mfalme Akbar yalipokuwa yakiuteka utawala wa masultani wa Gujarat. Dirisha la katikati halina mti. Limejazwa mawe matupu, na husemwa kwamba huenda vita viliwakuta mafundi kabla hawajafika hapo. Tulilitazama hilo dirisha tupu kwa muda mrefu zaidi kuliko tulivyotazama mti. Kazi haikumalizika, na watu wamo wanaswali.

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu hadi Teen Darwaza, yaani milango mitatu, lango la matao matatu lililojengwa zama za Ahmad Shah. Wapita njia huangalia matao yake. Sisi tulikuwa tumesoma habari za maandishi yaliyochongwa hapo mwaka wa 1812 kwa amri ya liwali wa Kimaratha, Chimnaji Raghunath, akiagiza kwamba binti apewe fungu lake katika mali ya baba yake bila kizuizi, Mhindu kwa Mwislamu. Tukakumbuka ni dada zetu wangapi kwetu pwani ambao Qur’ani imewapa fungu lao wazi, nao bado wanalingoja mlangoni kwa kaka zao. Jiwe linaweza kusimama njiani miaka mia mbili likisema haki ya binti, na muuzaji akatundika mikanda na miwani mbele yake.

Msikiti wa Ijumaa, uliomalizika mwaka wa 1424, uko hatua chache mbele. Mwenye kuingia kutoka kwenye kelele za soko hukuta ua mkubwa wa mawe, kisha ukumbi wa nguzo zipatazo 260 chini ya makuba kumi na tano. Tulivua viatu, tukakaa kivulini. Njiwa walikuwa wakinywa maji katika birika la udhu. Hatukusema neno kwa muda wa nusu saa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Septemba kwa sisi wawili kukaa pamoja bila ya kupanga lolote.

Nyuma ya msikiti ni Manek Chowk, soko ambalo mchana ni la masonara na usiku hugeuka kuwa la chakula, na karibu yake ni Rani no Hajiro, makaburi ya wake wa masultani, yaliyozungukwa na maduka ya nguo za kike, shanga na bangili. Hapo ndipo tulipokutana na khala. Jina hilo tulimwita kwa heshima, nalo linafanana na “halati” ya wazee wetu, kwani Kiurdu na Kiswahili vimekunywa katika kisima kimoja. Ukisema kitabu, dunia, safari, wakati au habari, hata kama hujui lugha, mtu wa hapa hugeuza kichwa. Na sisi tukisema gari, bepari au laki, tunawarudishia cha kwao.

Khala aliuza bangili za vioo kwenye meza ndogo. Wakati wa adhuhuri ulikuwa umekaribia, nasi tukamuuliza ni wapi wanawake wangeweza kuswali. Hakutuelekeza. Alifunika meza yake kwa kitambaa, akamwachia jirani, akatutangulia hadi kwake, vyumba viwili juu ya ngazi ya mbao ndani ya pol. Tulitia udhu, tukaswali pamoja naye, kisha akakataa katakata tusiondoke bila ya kula. Mkwewe alileta wali, dengu na achari ya embe, naye ndiye aliyetufasiria, maana anajua Kiingereza kidogo.

Khala aliuliza kama tuna watoto. Mmoja wetu alijibu kwamba anaye mmoja. Akauliza yuko wapi. Mwenzetu aliashiria upande wa magharibi, iliko bahari.

Khala hakulaumu. Alisema kwamba yeye pia, alipofiwa na mumewe, alikwenda mji wa Surat kufanya kazi ya kutia nakshi kwenye sari, akamwacha binti yake wa miaka mitano kwa dada yake. Alikaa miaka miwili. Kila mwezi alituma fedha, na kila Idi alituma nguo alizozishona mwenyewe.

“Nguo zote zilimkaa vizuri,” alisema. “Dada yangu ndiye aliyekuwa akinipa vipimo.”

Mkwewe alifasiri maneno hayo, akanyamaza. Khala akaendelea kutupakulia wali kana kwamba hakusema kitu. Nasi, ambao kila siku tunawafundisha mabinti kupima mabega na mikono kwa utepe, tulielewa vizuri sana alichokisema. Mtoto alikua, na mikono iliyompima haikuwa ya mama yake.

Tulipoaga tulitaka kumwachia kitu. Alikataa. Tulinunua bangili mezani kwake, naye akatutoza bei ya mteja wa kawaida, hakupunguza wala hakuongeza, jambo ambalo tuliliona kuwa ni heshima kubwa kwetu.

Mchana tuliuacha utupeleke. Tulifika Astodia kuuona Msikiti wa Rani Sipri wa mwaka wa 1514, unaobeba jina la mke wa Sultani Mahmud Begada, na kaburi lake liko hapohapo mbele. Watu huuita kito cha pete, na kweli ni mdogo na mzuri kama kito, minara yake myembamba kama mishumaa. Tulifurahi kwamba miaka mia tano baadaye jina la bibi huyo linatajwa kila siku na wanaouliza njia. Kisha tukachukua tuktuk, ndugu wa damu wa tuktuk za Mombasa, hata mtikisiko ni mmoja, hadi ukingo wa mto Sabarmati, kwenye gulio la Jumapili. Wenyeji wanasema gulio hili linatokana na zama za Ahmad Shah mwenyewe. Huuzwa humo vitanda, vitabu vikuukuu, sufuria, misumari iliyonyooshwa, na redio ambazo hakuna anayeahidi kwamba zitasema. Tulinunua mikasi miwili ya ushonaji baada ya kubishana bei mpaka muuzaji na sisi tukacheka pamoja.

Wakati wa kurudi tulipita Raipur Darwaza, nako tulikuta barabara nzima imekuwa ya waridi. Tarehe 14 Januari ni sikukuu ya tiara katika Gujarat, watu wote hupanda juu ya mapaa kuzirusha, na wiki kadhaa kabla yake mafundi hutandaza nyuzi kando ya barabara na kuzipaka rangi ya waridi iliyochanganywa na unga wa vioo, ili uzi wa mmoja uweze kuukata uzi wa mwingine angani. Nyuzi hizo huwakata ndege pia, na siku hizo wako watu wanaojitolea kuokota na kuwatibu ndege waliojeruhiwa. Tuliangalia mikono ya fundi mmoja, imefungwa vitambaa vidoleni, ikipita juu ya uzi ikienda na kurudi.

Mwenzetu alinunua tiara moja nyekundu, ya karatasi laini na vijiti vya mwanzi, pamoja na uzi mtupu usio na vioo. Njia nzima aliishika mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia ya chai.

Saa mbili usiku tulipiga simu. Bibi alipokea. Tulisikia mtoto yupo, kisha tukasikia hayupo. Bibi alijaribu kumbembeleza, nasi tukamwambia asimlazimishe. Amwambie tu kwamba mama yake amenunua tiara nyekundu, na kwamba atatafuta msafiri wa kumletea. Kimya kikawa kirefu. Kisha sauti ndogo ikaja karibu kabisa na simu.

“Usinitumie. Uje nayo mwenyewe.”

Akarudisha simu kwa bibi yake.

Hatukulala mapema usiku huo. Hatutawaficha kwamba tulilia, na hatutadai kwamba tulipata jibu mara moja. Upande mmoja palikuwa na ahadi tuliyoitoa kwa hiari yetu, na mabinti ishirini na sita ambao mtihani wao wa cherehani ni mwisho wa Februari. Upande wa pili palikuwa na mtoto mmoja. Tulikuwa tumezoea kudhani kwamba wengi huwashinda wachache, na kwamba anayetoka kwa ajili ya kheri amesamehewa yaliyobaki nyuma. Lakini Salman hakusema kwamba haki moja ikitimizwa hufuta nyingine. Alisema kila mwenye haki apewe haki yake.

Asubuhi ya Jumatatu tulikwenda kwa mwalimu mkuu, tukamweleza. Alisikiliza, akafungua daftari lake, akahesabu siku pamoja nasi. Tukakubaliana hivi: mmoja wetu atamaliza somo la kukata na kupima, kisha atarudi Mombasa mwisho wa Januari. Mwenzake atabaki, atachukua madarasa yote mawili hadi Machi. Kazi haitakuwa kamili kama tulivyoipanga. Dirisha moja litabaki bila mti. Lakini mabinti wataufanya mtihani wao, na mtoto atapimwa mabega na mama yake.

Jumapili zilizobaki za Januari bado tunatoka. Tumekwishapanga kumpelekea khala kanga moja kati ya zile tulizokuja nazo. Tiara imetundikwa ukutani juu ya kitanda, na usiku upepo wa dirishani ukiipiga hutoa sauti kama ya karatasi inayofunuliwa.

Wasomaji wetu, miongoni mwenu wako walio mbali na watoto wao kwa sababu ya riziki, Ghuba, Nairobi na kwingineko, na si kila mmoja ana wa kumwachia kazi yake arudi. Hatuandiki haya kuwahukumu. Tunaandika ili mtuombee dua, nasi tunawaombea nyinyi. Na walio karibu na wanao, ambao leo Ijumaa wamechoka na kelele zao, tunawaomba jambo moja dogo: baada ya kuusoma waraka huu, waiteni, muwapime mabega.

Wabillahi tawfiq.